Bagamoyo kwa Baiskeli Msimu wa Kaskazi: Kazi Iko Kwenye Kurudi

Nikisema natoka Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi kwa baiskeli mwezi wa pili, watu huuliza habari za miguu. Miguu haina shida. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida, akienda mwendo wa wastani na wenzake, zile kilomita tisini hivi anazimaliza. Kinachowashusha watu kwenye baiskeli msimu huu ni joto, nalo wakati wa kwenda wala hulisikii. Linakusubiri kurudi.

Unaweza kusema ni jua tu: kwenda ni alfajiri, kurudi kumekucha. Jua lina mchango wake, sikatai. Lakini kilichonitatiza ni kwamba hata siku za mawingu kurudi kulikuwa kunanimaliza. Jibu nilipewa na mzee anayekaa mkiani mwa msafara wetu, yule anayehakikisha hakuna anayeachwa nyuma. Tulikuwa tumesimama Zinga tukirudi, akanionyesha bendera za tawi la chama kando ya barabara.

"Binti, bendera zinaelekea wapi?"

"Tunakokwenda, Mzee."

"Basi ndiyo hiyo. Upepo tunao mgongoni."

Kuanzia Desemba mpaka Machi pwani yetu inapigwa na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Ukienda Bagamoyo unakupiga usoni na begani kulia. Unaulaani kwa sababu unakurudisha nyuma, kumbe ndio unaokukausha jasho. Ukigeuza, unakusukuma. Kila mtu anafurahi, mwendo unapanda bila nguvu. Ila ukienda kilomita ishirini kwa saa, na upepo nao unakwenda karibu mwendo huohuo, hewa inayokuzunguka ni kama imesimama. Jasho linachuruzika mpaka kwenye hendeli, na jasho linalodondoka bila kukauka mwilini halijakupoza chochote. Ongeza unyevunyevu wa pwani, uko ndani ya chungu kilichofunikwa.

Nilipoelewa hivyo, nikaacha kupanga safari ya kwenda. Napanga ya kurudi, halafu nahesabu kinyumenyume. Nataka saa nne na nusu, au tano kasoro, niwe nimerudi Tegeta. Kwa hiyo Bagamoyo tuondoke saa mbili na robo, tufike saa moja na nusu, tutoke Tegeta saa kumi na moja alfajiri bado giza, taa za mbele na nyuma zikiwaka. Februari jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, hivyo sehemu kubwa ya kwenda tunaifanya kabla halijapata nguvu. Anayechelewa kituoni anatukuta njiani au anabaki. Hili limezua manung'uniko, hasa kwa wanaopenda kukaa Bagamoyo wapige picha Mji Mkongwe, lakini sijaona njia nyingine. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi jua la Dar linapita utosini kabisa. Ikikaribia saa saba mchana huoni hata kivuli cha nguzo ya umeme, na miembe ya kando ya barabara inakuwa imejifunika yenyewe tu.

Jambo la pili ni mwili wenyewe. Mimi nashinda ofisini kwenye kiyoyozi, natoka humo naingia kwenye gari lenye kiyoyozi. Mwili wa namna hiyo ukiupeleka juani Jumapili unashangaa. Kulizoea joto kunachukua kama wiki moja mpaka mbili za kukutana nalo karibu kila siku: damu inaongezeka maji, jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi. Kwa hiyo Desemba nilianza kutoka saa kumi na moja jioni, nusu saa, baadaye saa nzima, mwendo wa kutafuta jasho na si wa kushindana na mtu. Majirani walicheka. Mama mmoja wa gengeni aliniuliza kama gari limeharibika. Lakini kufikia katikati ya Januari tofauti niliiona waziwazi, mapigo ya moyo hayapandi hovyo kwenye vilima vilevile.

Kuhusu kunywa, hapa ndipo ninapobishana na wenzangu zaidi. Wapo wanaoamini maji, maji, maji. Jasho lina chumvi, na ukilirudishia maji matupu kwa wingi unaizimua chumvi ya damu. Kichwa kinauma, unapata kichefuchefu, unadhani ni kiu, unazidi kunywa. Mimi nabeba chupa mbili. Moja naigandisha kwenye friza usiku, ni ya kurudi. Ya pili nachanganya mwenyewe kwa kipimo kilekile cha maji ya mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Nakamulia ndimu. Ladha si ya kusifia, na nusu kijiko kisizidi.

Dafu? Nalipenda, na Bagamoyo nalinywa kila safari. Ila dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo halitoshi peke yake. Supu ya samaki na chapati moja inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, maji na chumvi kwa pamoja. Naiacha mihogo ya nazi, kwa sababu ikikaa tumboni halafu uingie kwenye joto la kurudi, utajuta.

Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, jipime kwenye mzani kabla ya kutoka na ukirudi, nguo za jasho ukiwa umezivua. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji hukuirudisha. Siku yangu ya kwanza kujipima nilidhani mzani umeharibika.

Msafara nao tuliupanga upya. Kwenda tunabanana, mmoja nyuma ya mwingine, tunapokezana kukata upepo mbele. Kurudi tunaachiana nafasi, kwa sababu kujificha nyuma ya mwenzako wakati huo ni kujinyima kaupepo kadogo kalikobaki. Bado tunakaa mstari mmoja, malori na mabasi hayana mchezo. Tunasimama Kerege, kisha Mapinga, kwenye kivuli, hata kama hakuna aliyechoka. Kila mtu anajimwagia maji kichwani na shingoni kabla ya kupanda tena. Mapinga hairukwi kwa sababu mbele yake barabara inateremka hadi daraja la Mto Mpiji, halafu inapanda kuelekea Bunju. Hapo unakanyaga pole pole, upepo mgongoni, jua limeshakolea. Hakuna sehemu yenye joto kuliko hiyo njia nzima.

Ni palepale Mapinga ambapo kijana mmoja, mwenye miguu kuliko wote, alitutia wasiwasi. Alikuwa ameacha utani, na huyo kijana haachi utani. Mzee alimshika mkono akaona vinyweleo vimesimama.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo, Mzee. Twendeni tu."

Mtu akisikia baridi kwenye jua lile, safari yake imeishia hapo. Tulimlaza chini ya mwembe, kofia ngumu ikavuliwa, miguu ikainuliwa juu ya begi. Mimi hutembea na kipande cha kanga kuukuu, nikakilowesha maji ya ile chupa iliyoganda nikamzungushia shingoni. Wengine walimmwagia maji na kumpepea kwa maboksi. Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba tunamlowanisha simu, tukajua amerudi. Angechanganyikiwa au kuzimia tungekimbilia hospitali huku tunaendelea kumpoza. Alitaka kumalizia safari kwa baiskeli. Mzee hakubishana naye, alisimamisha kirikuu, akapatana bei, baiskeli ikapakiwa.

Nguo ni jambo dogo: mikono mirefu, rangi nyeupe, kitambaa chepesi. Wenye jezi nyeusi wanapendeza kwenye picha.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na nusu ya kundi letu wanafunga. Bagamoyo tuliiweka kando mwezi mzima. Tulizunguka Tegeta, Boko na Bunju jioni, mwendo wa saa moja usiotoa mtu pumzi, ili kila mmoja awe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Idi ilipopita masika yalikuwa yanaanza, joto likapungua, tope likaongezeka, na mazungumzo yakahamia kwenye madigadi.