Ziwa Tanganyika ndani ya darasa la nne: apdeti ya mradi

Haya, narudi na mradi wa ziwa, ule wa kutengeneza mfano wa Ziwa Tanganyika na watoto wangu wa la nne. Mara ya mwisho tulikuwa bado tunakusanya maboksi, sasa hivi ukiingia darasani kwetu hapa Kigoma huwezi kupita upande wa dirishani bila kukwepa kamba.

Hiyo kamba ndo kazi yenyewe. Tumekubaliana skeli moja kwa kila kitu, sentimita 1 ni mita 10 za ziwani, na hapo sikubali mtoto akadirie kwa macho. Sasa Tanganyika panapozidi kina ni kama mita 1,470, kwa hiyo kamba ina sentimita 147, tumeifunga kwenye nondo ya dirisha na chini tumening'iniza jiwe. Watoto walipanga foleni kujipima nayo, wengi inawapita kichwa! Hawa wanaogelea ziwa hili tangu wadogo, wengine wakitoka shule wanasaidia kuanika dagaa kwao, ila kina chake ndo wanakiona leo.

Halafu tukapaka rangi. Sentimita 20 za juu bluu, zote zilizobaki nyeusi, kwa sababu ukivuka kama mita 200 kwenda chini maji hayana oksijeni, samaki haishi huko. Walinyamaza kabisa. Yaani migebuka, kuhe, dagaa, biashara yote ya mwalo wa Kibirizi inatoka kwenye hicho kipande kifupi cha bluu. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akasimama akawaeleza wenzake kwa nini mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika, kwamba dagaa wanafuata taa na mwezi ukiwa mkali taa haina nguvu, alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi na nikamwacha aendelee mpaka kengele ikalia.

Tukaja kwenye meli ya Liemba, ile ya ziwani humu, ina urefu wa kama mita 71, kwa skeli yetu ni sentimita 7 na kidogo, boksi la dawa ya meno linatosha na linabaki. Waliikata vipande kwanza ndo wakaiunganisha, maana hata yenyewe ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa treni hadi hapa, ikashushwa majini 1915. Gundi ni uji wa unga wa ngano tu. Panya wanaupenda sana, kwa hiyo kila kilichogundishwa tunakitundika juu.

Urefu wa ziwa ndo ulitutoa nje. Kilomita 673 kwa skeli ileile ni mita 673, darasa gani litaenea? Tukachukua kamba ya mita 10, tukaanzia mlangoni tukasema hapa ni Burundi, tukavuka uwanja wa mpira, tukatoka getini, tukashika barabara huku watoto wanahesabu kwa sauti, Kigoma yetu ikaangukia karibu na robo ya mwanzo, na ziwa likaishia kwenye genge la mama anayeuza mawese. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo mama, hapa kwako ni Zambia." Mama akaitikia marahaba, akataka aelezwe vizuri, wakamweleza wote kwa pamoja. Kwa kweli nimefundisha skeli ubaoni miaka mingi na sijawahi kuona mtoto wa la nne anageuza mita kuwa kilomita kichwani huku anatembea.

Kinachofuata ni milima ya Mahale, iliyo kando ya ziwa hilihili. Mlima Nkungwe una mita 2,462 kutoka usawa wa bahari na uso wa ziwa uko kama mita 770, ukitoa unabaki mlima wa kama sentimita 169 juu ya maji, kumbe unazidi hata kamba yetu. Tunataka kuujenga kwa fito za mianzi na magazeti ya zamani, fito tumeshapata, magazeti bado. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamisha kitu kirefu hivyo cha karatasi aniambie aliukazaje upande wa chini usilale, maana darasa letu madirisha hayana vioo na upepo wa ziwani mchana unaingia moja kwa moja.