Nyama Haikuwa ya Mwenye Mshale

Nauza vitunguu soko la Kilombero, Arusha, na mzigo wangu mwingi natoa Mang'ola. Msimu wa mavuno hulala kule siku mbili tatu nikisubiri gari lijae. Safari moja dalali wangu alipita kambi ya Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchuma porini, kandokando ya Ziwa Eyasi, nikafuatana naye.

Tukakuta vijana wameingia na swala. Mimi Mchaga wa Kibosho. Kwetu mbuzi akichinjwa Desemba, kila kiungo kina mwenyewe, na ukikosea mgao utasutwa mwaka mzima. Kwa hiyo nilimtafuta aliyempiga, nikijua ndiye atakayeshika kisu na kushukuriwa. Kumbe amekaa kivulini ananyoosha mishale yake. Watu wakaja, wakakata. Bibi mmoja akaona fungu lake dogo, akadai kwa sauti, akaongezewa. Asante sikuisikia.

"Mbona hawamshukuru?"

"Dada, si yake," dalali akanijibu.

Neno hilo lilinikaa. Nikaja kusoma kwamba James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona jambo hilohilo: nyama hutoka kwa kuwa watu wanaidai. Ukarimu wa mwindaji hauhusiki sana. Kristen Hawkes, mwanaanthropolojia mwingine, na wenzake nao walihesabu siku za mawindo, wakakuta mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa karibu mara moja tu kwa mwezi.

Mwanzoni nikasema basi ni kama upatu wetu wa sokoni, leo kwangu kesho kwako. Lakini upatu una zamu na daftari. Kule mwindaji hodari analisha watu mwaka hadi mwaka kuliko wanavyomlisha, na bado hawezi kuwanyima. Hawkes anaona anachopata ni sifa. Mimi naona pia lile joto la Eyasi: pundamilia mzima, huna friji, kambi yote inakutazama. Utamficha wapi?

Si kila kipande ni cha wote, lakini. Ipo nyama ya epeme, ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri yao, mwanamke haigusi. Hilo halikunipendeza, na silifichi.

Ila yule bibi simsahau. Alidai bila kuinamisha kichwa. Hapa mjini mtu analala njaa kwa kuona haya ya kuomba, nasi tuliomzunguka tunaiita haya hiyo heshima. Mtoto wa jirani akija na bakuli kuomba vitunguu, zamani nilimwuliza, "Tena?" Siku hizi nalipokea bakuli, nalijaza.