Parameta za rejeo zimeingia

Lugha yangu ndogo ya programu sasa inapokea parameta za rejeo, yaani fanksheni inaweza kupewa anwani ya kigeu (mahali kilipo kwenye kumbukumbu) badala ya nakala yake. Hadi juzi kila fanksheni ilipewa nakala ya thamani. Hata ikiivuruga vipi, kigeu cha aliyeiita hakiguswi. Ni salama, ila hata fanksheni ya kubadilishana vigeu viwili ilikuwa haiandikiki.

Kupitisha anwani ni kazi nyepesi. Kazi ni kuamua nini kina anwani. Kigeu x kinayo. Lakini x + 1 haina, ni thamani inayopita tu kwenye rejesta, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa. Kwa hiyo kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine, sasa inakataa ongeza(rejea x + 1) na kusema: hapa panatakiwa kigeu. Baadhi ya kompaila za zamani za Fortran zilikubali, mtu akapitisha 4, fanksheni ikaibadilisha, na kuanzia hapo 4 ikawa si 4 tena. Na kigeu kikishatolewa kwa rejeo, hakikai tena kwenye rejesta peke yake. Lazima kiwe na nafasi yake kwenye steki, eneo la kumbukumbu la vigeu vya muda vya fanksheni.

Neno rejea nimelilazimisha pande zote mbili, kwenye tangazo na kwenye mwito. Pascal hutosheka na var kwenye tangazo. Mimi nimefuata C#, inayodai ref kotekote, kwa sababu anayesoma mwito ndiye anayehitaji onyo.

Raha ilikuja kwenye miito ya nje, yaani kuita fanksheni zilizoandikwa kwa C. Kwa mashine rejeo ni anwani tu, na C haiulizi anwani imetoka lugha gani. Nikaandika scanf("%ld", rejea umri), fanksheni ya C inayosoma namba iliyoandikwa na mtumiaji, ikakijaza kigeu umri. Ungeweka %d ingeandika baiti 4 tu kati ya 8 za kigeu changu, na nusu ya juu ibaki na takataka zake. Kompaila haina habari.

Kwenye Linux ya x86-64 hoja sita za kwanza za namba kamili au anwani zinaingia kwenye rejesta rdi, rsi, rdx, rcx, r8, r9, na anwani ya kilele cha steki lazima igawanyike kwa 16 kabla ya call, amri ya kuita fanksheni. Sharti hili la pili ni la hila: ukilikiuka, fanksheni moja inapita salama, nyingine inaanguka.

Kinachonikera bado ni fanksheni ya nje inayoihifadhi anwani na kuitumia baadaye, wakati steki yangu imeshafutwa. Nafikiria neno la pili, shikilia, litakalokubali vigeu vya kudumu pekee. Halijaandikwa.