Mama, hizo zako, nani atazitaka?

Maneno yenyewe ni matano tu. Niliambiwa Jumatatu, leo ni Jumamosi, na bado ninayasikia ninapochemsha maziwa, ninapofunga buibui langu mbele ya kioo, na hata ninapopiga chapa hati za kiapo za watu ofisini. Wiki hii posa ya binti yetu wa kwanza imeletwa na kukubaliwa, Alhamdulillahi, na ofisi ya wakili wetu imehamishiwa ghorofa ya pili pamoja na makabati yake yote, lakini nikikaa kitako usiku kuandika, ninalolikuta moyoni ni lile jibu la yule msichana wa studio.

Mnakumbuka nilivyoandika kwamba mwaka huu mimi na baba watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na kwamba karibu nusu ya miaka hiyo ameimaliza katika vyumba vya injini vya meli za watu. Nilitaka nimpe kitu ambacho hakiuzwi Dubai wala Singapore. Nikaazimia kumpigia picha chache, nikiwa nimevaa leso ya kisutu na kikuba cha asumini kifuani, mabega wazi, nywele zimefumuliwa, kama anavyonijua yeye. Si picha za utupu, lakini pia si picha za kutundikwa sebuleni. Somo yangu, aliyenifunda kabla sijaolewa, alinikataza hata kumsimulia mama yangu mzazi mambo ya chumbani, na tangu siku ile sijavunja amri yake. Kwa hiyo mtaelewa kwamba kuingia studio ya mtu nisiyemjua na kumweleza haja yangu halikuwa jambo jepesi. Nilipanda ngazi zile mara mbili, mara ya kwanza nikarudi.

Msichana mwenyewe ni mpole, wa miaka 25 au 26 hivi, na kazi yake ni nzuri. Alinikaribisha kwa soda, akanigeuzia kioo cha kompyuta ili nione sampuli za kazi alizowafanyia wengine. Akaniambia nisiwe na hofu kwa kuwa nyuso zote amezikata. Ni kweli, nyuso hazikuwapo. Ya kwanza ilikuwa ya bibi harusi aliyelala ubavu, miguu ina hina nyeusi hadi kwenye muundi, bangili saba mkononi, na picha imekomea shingoni. Nyuma yake palionekana kichwa cha kitanda cha samadari chenye vigae vya maua ya buluu, na kigae kimoja, cha tatu kutoka kushoto, kimepasuka pembeni. Kitanda hicho nakijua. Nilisaidia kukitandika kwa mikono yangu mwaka jana, na mimi ndiye niliyefunika ufa ule kwa shada la maua ili wageni wa mume wasiuone. Sikuhitaji uso. Kwa muda wa kupepesa jicho nilijua mwili niliokuwa nikiutazama ni wa nani, mama yake ni nani, na anakaa mtaa gani.

Niliondoa macho yangu kwenye kioo, nikamwuliza, kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani: "Mwanangu, mbali na mimi na wewe, ni nani mwingine atakayeziona picha zangu?"

Akanijibu huku anaendelea kuteremsha picha kwa kidole: "Mama, hizo zako, nani atazitaka?" Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, akaniambia nisijitie wasiwasi.

Nami nikasema, "Ahsante."

Hiyo ahsante ndiyo inayonichoma kuliko hayo maneno matano. Nilimshukuru, nikamlipa shilingi 3,000 za malipo ya awali, nikashuka ngazi, na nilipofika barabarani penye kelele za matatu nikagundua kwamba machozi yananilenga. Usiku nililirudia neno baada ya neno. "Mama" alilitamka kwa heshima, siwezi kumlaumu, ingawa aliyeingia kabla yangu alimwita dada. "Hizo" alilitamka kana kwamba picha hizo zimekwisha kupigwa na zimewekwa mahali, na tayari si kitu. "Zako" ndipo alipoweka uzito. Labda hakuweka uzito wowote, ni mimi niliyeuweka kwa kulirudia mno. "Nani atazitaka" hapakuwa na jibu ndani yake hata kidogo. Nilimwuliza nani ataziona, yeye akanijibu nani atazitamani, na mimi kwa fedheha nikayapokea hayo mawili kana kwamba ni jambo moja.

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, nilifungua vitabu vya sheria ambavyo kwa miaka 18 nimekuwa nikivifungua kwa ajili ya wengine. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 32, inamtwika anayetumia taarifa za mtu mzigo wa kuthibitisha kwamba mwenyewe aliridhia, na inamruhusu huyo aliyeridhia kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Nilisoma taratibu, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba haki hizo ni za wenye umri fulani au umbo fulani, na hapakuwapo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na huyo alikuwa amepigwa picha akistarehe mahali pa watu wengi, amevaa nguo zake. Na kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamwekea anayesambaza picha za faragha za mwenzake faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nilifarijika, kisha faraja ikapungua, kwa sababu nimeona kesi za kutosha kujua kwamba faini hutozwa picha ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu, na hakuna hakimu anayeweza kuiamuru irudi.

Ndipo nilipoandika mkataba wangu mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Niliandika kwamba picha zote, zilizochaguliwa na zilizoachwa, ni mali yangu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inaihesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pawe na makubaliano mengine, lakini nilitaka jambo hilo liandikwe na litiwe sahihi, kwa kuwa kuwa na haki juu ya picha hakuiondoi nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya mtu. Niliandika kwamba hakuna picha itakayotumiwa kama sampuli, iwe na uso au haina uso. Niliandika kwamba hapatakuwa na msaidizi, na kwamba kazi ya kusafisha picha haitapelekwa kwa mtu wa tatu. Nikampelekea msichana wa studio nakala, naye akajibu kwa adabu kwamba yeye hafanyi kazi kwa masharti namna hiyo, akanirudishia shilingi 1,500. Sikumdai zilizobaki.

Jumatano jioni nilimwendea somo yangu. Sikumwambia nilivyoambiwa, nilimwambia tu ninalolitafuta. Akafikiri kidogo, akanitajia mama mmoja anayepiga picha za harusi zetu za kina mama, zile ambazo simu huzuiwa mlangoni na hakuna mwanamume anayekanyaga ukumbini. Ninamjua kwa sura. Amewapiga picha nusu ya wake wa Mji wa Kale wakiwa wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza, na miaka yote hiyo sijapata kusikia kwamba picha ya mtu ilivuja kutoka mkononi mwake.

Nilimwuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale. Sijui kwa nini nilitaka kuyarudia hivyo. Nadhani nilitaka kusikia linavyojibiwa. Aliweka kikombe chini, akanitazama, akasema: "Utakayemwonyesha wewe."

Basi. Hakuongeza neno, wala sikumwuliza tena.

Akaja nyumbani Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa shule. Kwanza alizima simu yake na kuiweka juu ya friji jikoni, bila kuambiwa. Kisha akaingia chumbani, na kabla ya kufungua mfuko wa kamera alisimama mlangoni akakitazama chumba kama anavyokitazama mgeni. Akaniomba nitoe picha ya harusi yetu ukutani, tukageuza kabati la kioo kwa sababu kioo huonyesha usichokikusudia, tukatundika shuka jeupe kuficha kitanda na nondo za dirisha. Nilipomweleza habari ya kigae kilichopasuka, bila kumtaja mwenyewe, alitikisa kichwa akasema kwamba watu huogopa uso peke yake, ilhali mtu hutambulika kwa kovu, kwa pete, kwa pazia, hata kwa namna anavyochorwa hina na fundi wake.

Memori kadi niliinunua mimi, mpya, na tuliifungua pamoja. Alinionyesha alivyozima mawasiliano ya kamera na simu, kwa kuwa kamera za siku hizi zinaweza kurusha picha zenyewe kwenye simu ya mpigapicha. Akanieleza na jambo ambalo sikulijua sawasawa: kufuta picha kwenye kadi hakuiondoi mara moja, huondoa njia ya kuifikia tu, na mwenye programu ya kurejesha anaweza kuitoa mpaka hapo nafasi yake itakapoandikwa kitu kingine. Ndiyo sababu yeye hamwahidi mteja kwamba atafuta. Humwachia kadi.

Picha ya kwanza ilipolia nilisikia tena: nani atazitaka. Mabega yangu yakajikunja. Yeye akashusha kamera, akanyamaza, akanirekebishia kikuba kilichokuwa kimelala upande, akasema asumini zangu ni za asubuhi au za jana, maana zina harufu kali. Tukazungumza habari za asumini, bei yake ilivyopanda, mti wa nyumba ya mama yangu uliokatwa. Sikumbuki ni lini alianza tena kupiga. Jua lilikuwa limepenya kwenye shuka, na nilipotazama mkono wangu juu ya leso nikaona mishipa yake imejitokeza kama ya mama yangu, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuona vibaya.

Tulikaa chini sakafuni, tukazichagua kwenye kipakatalishi changu, intaneti ikiwa imezimwa. Kati ya 60 na kitu zikabaki nane. Akazisafisha hapo hapo, mwanga na rangi tu. Mistari ya tumboni nilimwambia aiache, kwa kuwa mwenye kupewa zawadi anaifahamu kila mmoja na mtoto wake. Kuzichapisha tulizichapisha kwa mashine yake ndogo, maana duka la picha ni macho mengine na mikono mingine. Ziko ndani ya bahasha, bahasha iko mahali ambapo sitapaandika hapa, na kadi iko nayo. Baba watoto hatazipata kwa simu, hata akiomba kwa kiapo. Simu yake hujihifadhi yenyewe mtandaoni, na akaunti ni ile ile iliyo kwenye tabuleti ambayo kitinda mimba wetu huitumia kwa kazi za shule. Atazipata atakaposhuka melini, mkononi mwangu.

Nilipaswa kulala vizuri usiku ule, na nililala saa mbili tatu. Kisha nikaamka nikakiona kile kigae.

Huenda yule binti aliridhia. Huenda aliulizwa, akaambiwa uso utakatwa, akaona inatosha, kama ambavyo na mimi ningeona inatosha kama nisingekuwa nimekitandika kitanda kile. Lakini huenda hajui kabisa, na kila anayepanda ngazi zile kuulizia bei anaonyeshwa mwili wake kwa soda baridi. Nimejiuliza kama kumwambia ni kumsaidia au ni kumvua mara ya pili, kwa sababu nikimwambia itabidi ajue kwamba na mimi nimemwona. Mwishowe nikajiuliza mimi ningetaka nini, na jana baada ya Ijumaa nikampigia simu.

Iliitikiwa na mama mkwe wake. Tukasalimiana kwa marefu, nikaulizia hali ya mjamzito, nikaambiwa amelala, je, kuna ujumbe? Nikasema hapana, nilitaka kumjulia hali tu. Kesho mama mkwe huenda darasani Kisauni baada ya adhuhuri na hurudi karibu na magharibi, kwa hiyo nitakwenda alasiri, nikiwa na kijisahani cha kaimati, na nitamwomba Mungu nimkute peke yake.