Port Ten: Asubuhi Moja Kilindini

Rubani wa bandari, anayeongoza meli kuingia, alitupandia nje ya mlango wa Kilindini, bandari ya Mombasa, kulipopambazuka. Hata chai hajaionja, alimwuliza kapteni propela inazungukia upande gani. Meli yetu ilikuwa ya mwambao, urefu wa mita 90 hivi, yenye injini moja na propela moja. Kapteni akajibu kwamba ni ya kulia, na kwamba omoni, yaani mbele ya meli, hakuna thrasta, propela ndogo ya kusukuma omo kiubavu. "Basi tutailaza port side," rubani akasema, yaani gatini kwa ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nyuma yangu alisimama kadeti, safari yake ya kwanza, akiandika kila amri na saa yake daftarini.

Amri za usukani hutolewa kwa Kiingereza hata pale ambapo rubani, kapteni na msukani wote ni wana wa Pwani. Rubani akisema "Port ten", msukani huirudia kwa sauti neno kwa neno, huzungusha hadi mshale wa geji usimame kwenye nyuzi 10 upande wa kushoto, kisha hutaarifu kwamba usukani umefika. "Midships" ni kuurudisha sifuri. "Hard" ni mwisho wake, nyuzi 35 kwa meli nyingi. Amri hurudiwa ili aliyeitoa asikie kama imeingia vibaya kabla meli haijaanza kuifuata, kwa sababu meli iliyokwisha kuanza kugeuka haisimamishwi kwa kusema samahani.

Wala hapasemwi "kushoto" kavu. Baharia anayetazama tezi, nyuma ya meli, kushoto kwake ni kulia kwa mwenziwe anayetazama omo, na mara nyingi wote wawili wako kazini kwa wakati mmoja. Port ni ubavu wa kushoto wa meli yenyewe ukitazama omo, na hubaki pale pale hata mtu ageuke vipi. Usiku ubavu huo huwasha taa nyekundu, na wa kulia, starboard, huwasha ya kijani. Kila taa huonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 112.5 kwa upande wake, basi. Anayekuja kutoka nyuma haioni hata moja. Yeye huona taa nyeupe ya tezi.

Tuliingia na maboya mekundu yakiwa kushoto kwetu, kama ilivyo kanuni kwa meli inayotoka bahari kuu katika Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Marekani na Japani ni kinyume, na baharia aliyezoea huku hupaswa kulikumbuka hilo kabla ya kukaribia bandari za huko.

Tulipita Likoni. Magati ya Kilindini yako upande wa kisiwa, yaani kulia kwa anayeingia. Kulalia ubavu wa kushoto kulidai tuizungushe meli ndani ya bandari mpaka omo itazame ilikotoka. Ni kazi ya ziada, na tagi, boti ya kuvuta na kusukuma meli, ilikuwa karibu kusaidia. Lakini rubani alijua anachotafuta.

Propela ya kulia, ikirudi kinyumenyume, huvuta tezi kwenda kushoto. Kwa hiyo tuligeukia kulia: usukani wote starboard, injini mbele kwa nguvu kidogo, kisha nyuma, na kila iliporudi nyuma tezi ilikwenda kushoto na omo ikazidi kulia. Tukaliendea gati polepole kwa pembe ndogo, yapata nyuzi 15. Omo ilipokaribia, injini ikasimamishwa, kisha ikarudishwa nyuma. Hapo mambo mawili hutokea pamoja: mwendo hukatika, na tezi hujisogeza yenyewe gatini hadi meli ikalala sambamba. Ingelazwa kwa ubavu wa kulia, injini hiyo hiyo ingeitupa tezi nje na kuielekeza omo kwenye ukuta. Wengi huvunja fenda, vikinga vya gati, kwa kusahau hili. Kamba ya springi ilitangulia gatini kuzuia meli isiteleze mbele au nyuma, zikafuata kamba za omo na za tezi.

Kamba zilipokazwa kadeti alimwendea serahangi, mkuu wa mabaharia, mzee wa Lamu, daftari mkononi. "Shikamoo mzee. Naona port ni bandari, tena port ni kushoto. Ni neno moja au mawili?"

"Marahaba. Angalia meli imelala ubavu gani," mzee akamjibu.

Jibu lilikuwa hilo hilo. Zamani, kabla ya usukani wa katikati ya tezi, vyombo vya kaskazini mwa Ulaya viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kwa nyuma. Watu wengi hutumia mkono wa kulia, basi kasia likawekwa kulia, na Waingereza wa kale wakauita ubavu huo steorbord, ubavu wa kuongozea. Ndio starboard ya leo. Kuulaza upande huo gatini ni kulibana kasia baina ya chombo na mawe. Chombo kililalia kushoto, na shehena ikapita huko. Ubavu wa kushoto uliitwa larboard, jina linalodhaniwa kutokana na neno la kupakia. Lakini larboard na starboard, zikipigiwa kelele kwenye upepo, sikioni ni kitu kimoja. Mabaharia walikuwa wamekwisha kutumia port, ubavu unaoelekea bandari, tangu karne ya 16, na mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza likaamuru hilo litumike badala ya larboard.

Port ya bandari ni portus ya Kilatini, ndugu wa porta, mlango. Ndimo mlimotoka jina la mji wa Porto huko Ureno, na mvinyo unaoitwa port ukachukua jina la mji huo. Mvinyo huo aghalabu ni mwekundu, na makadeti hukumbuka taa ya kushoto kwa njia hiyo.

Jambo moja zaidi nililomwonyesha kadeti yule, kwa sababu humpoteza kila anayesoma habari za ajali za zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye meli za Uingereza amri ilihusu kana, ule mpini wa usukani, ambao husukumwa kinyume na meli inakokwenda. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 kwenye Titanic iliamriwa "hard a-starboard", na meli ikageukia kushoto, kama ilivyokusudiwa.

Serahangi alikulia majahazini, na huko kulia na kushoto havitawali. Ubavu wa upepo ni goshini, ule wa pili ni demanini. Foromali, mti unaobeba tanga, ikihamishiwa upande mwingine wa mlingoti, goshi na demani nazo huhama, na nahodha huagiza kwa hayo mpaka tanga lishushwe.