Kuosha mnara wa mashujaa bila kufuta majina

Adui mkubwa wa mnara wa waliofia vitani ni usafi wa haraka haraka, ule wa wiki moja kabla ya sherehe. Jiwe linatoka jeupe pe, lakini herufi zimepungua kina, na kina kikishaondoka hakirudi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa maji, nakili majina. Subiri jua lizame, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa na jiwe, upige picha. Kivuli kinaingia kwenye michoro na jina lililoonekana limefutika linajitokeza. Usipake chaki wala unga. Angalia sana E na F, C na G, 3 na 8: kistari kimoja kikilika, marehemu amebadilishwa jina. Linganisha na kumbukumbu za jeshi au za familia kabla mtu hajachonga upya.

Marumaru na mawe ya chokaa huliwa na asidi, hivyo siki, limau na dawa ya choo ni marufuku. Dawa ya klorini nayo huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe; chumvi ikikauka inaganda, inasukuma, na uso wa jiwe unabanduka kama maganda. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyopata kutu na kutia madoa. Mashine ya kuoshea magari msiilete kabisa.

Kinachotosha ni ndoo mbili za plastiki, maji safi na brashi laini ya nailoni. Lowesha jiwe kwanza ili lisinywe uchafu. Sugua ukianzia chini kwenda juu, maana maji machafu yakichuruzika kwenye jiwe kavu huacha michirizi migumu kutoa. Suuza kuanzia juu. Kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe, iloweshe, iache ilainike, kisha ikwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Isipotoka, iache, doa si kosa.

Kama herufi ni za risasi (madini, si ya bunduki), zimeshikiliwa na vitundu vidogo tu, na brashi inaweza kuzing'oa. Iliyodondoka iwekwe kwenye bahasha iliyoandikwa ilikotoka. Bamba la shaba lioshwe, likaushwe, lipakwe nta. Rangi yake ya kahawia au kijani msiisugue hadi ing'ae, mnaondoa ngozi inayolilinda.

Nyufa zinahitaji subira. Saruji ni ngumu kuliko mawe mengi laini: inazuia unyevu kutoka kwenye kiungio, unyevu unatokea kwenye jiwe lenyewe, na kingo zinakatika. Tumieni chokaa na mchanga. Pini za chuma cha kawaida nazo huvimba kwa kutu na kupasua jiwe kwa ndani. Wekeni za chuma kisichoshika kutu.

Jina likisahaulika na kuongezwa baadaye, ugomvi huanza kwenye mpangilio. Alfabeti bila vyeo hupunguza malalamiko, ingawa jina jipya litakaa mwisho, nje ya mstari. Ukuta wa Vietnam jijini Washington, mnara wa Wamarekani waliofia vita vya Vietnam uliozinduliwa 1982, hupanga majina kwa tarehe. Hapo alama ya almasi kando ya jina ni ya aliyethibitika kufa, ya msalaba ni ya asiyejulikana alipo. Akithibitika amekufa, almasi huchongwa juu ya msalaba. Mkijenga mpya, acheni nafasi tupu chini ya orodha.