Trafiki Aliyeona Kila Kitu

Jana jioni, umeme ulipokatika, binti yangu alificha kokoto kiganjani, akaninyooshea ngumi mbili na kuuliza, "Baba, mkono upi?" Nikachagua wa kulia, nikakosa. Alipokuwa akificha tena nyuma ya mgongo, mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Sinza, mwaka 2017, katika kile chumba cha uani, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha utafiti wangu.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeshinda na PRISM-games, programu ya bure iliyotokana na PRISM, kazi ya watafiti wa Oxford na Birmingham. Inahakiki michezo ya stokastiki, yaani ile ambayo wachezaji wanashindana au kushirikiana huku nasibu nayo ikiwa na zamu yake. Unaiandikia hali za mchezo na hatua za kila mchezaji, kisha unaiuliza kama kundi fulani lina mkakati wa kufikia lengo lake, wengine wafanye watakavyo. Nayo haikisii kwa kuchezesha mara chache, bali inazipitia hali zote na kukurudishia uwezekano pamoja na mkakati wenyewe. Wengine waliitumia kwa roboti na kwa kaya zinazogawana umeme. Mimi, kwa kiburi cha mtoto wa mjini, nikachagua daladala iliyoishiwa bima.

Dereva wangu alikuwa akitoka Mwenge, na angeweza kushika Sam Nujoma au kupenya Shekilango. Trafiki alikuwa mmoja, naye alichagua barabara moja ya kusimama. Wakikutana, dereva angekamatwa kwa uwezekano wa 0.8, namba niliyoitunga mwenyewe, kwa kuwa pengine lori humkinga. Jibu likaja kwamba uwezekano wa dereva kupona ni 0.2, nami nikaandika kwenye hitimisho, bila haya, kwamba trafiki mmoja anatosha kulinda barabara mbili.

Mpangaji mwenzangu alikuwa kondakta. Usiku ule alikuwa ameketi mlangoni kwangu akipanga chenji kwenye mkeka, mia huku, mia mbili kule, kwa mwanga wa taa yangu ya kuchaji, nikamweleza mchoro wangu wa viduara na mishale. Akausikiliza hadi mwisho.

"Mdogo wangu, huyu trafiki anachagua pa kusimama wakati gani?"

"Baada ya dereva, kaka. Zamu ya dereva inatangulia."

"Kwa hiyo anajua gari limepita wapi?"

Nikanyamaza. Akachukua sarafu ya mia mbili, akaifumbata, akanyoosha ngumi mbili. "Chagua." Nikachagua, nikakosa. Kisha akafumbua viganja vyote viwili, sarafu ikang'aa katika kile cha kushoto, akasema kwa upole, "Haya, sasa chagua." Sikuigusa. "Huyo wako si trafiki," akasema akirudia chenji yake, "huyo ni mganga."

Programu haikuwa imekosea hata kidogo. Ilikuwa imejibu swali nililoliandika. Toleo la wakati ule lilitaka kila hali iwe na mchezaji mmoja mwenye zamu, wala halikuwa na namna ya kuwafanya wawili waamue kwa pamoja bila kuonana. Saa nane za usiku nikageuza zamu, trafiki akatangulia, na dereva, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mganga, akapona kwa uwezekano wa 1. Kesho yake nikawaambia walimu kwamba ukweli uko mahali fulani kati ya 0.2 na 1, mwanya ambao hata lori lingepita. Walinipitisha, kwa masahihisho.

Mwaka 2020 toleo la tatu lilileta michezo ya kuamua kwa pamoja. Nikaifufua daladala yangu, ikatoa 0.6, kila mmoja akichagua barabara yake nusu kwa nusu, kama anayerusha shilingi. Kwa safari moja hesabu hiyo ingetoshea nyuma ya tiketi, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenikumbusha, nami sikujikumbusha. Nilitaka kumwambia kaka, lakini alikuwa amekwisha kuhama.

"Baba, chagua basi!"

Nikagusa wa kulia. Ulikuwa mtupu. Binti yangu akacheka mpaka kokoto likamponyoka, akauliza mbona kila mara nachagua ule ule.